Kupanda Mlima Nyiru na beshte wako: maji, saa, na maneno ya kukubaliana kabla hamjatoka

Watu wengi hapa Kenya ukiwaambia habari ya kupanda mlima wanafikiria Longonot, Ngong, Aberdare, na wale wamejipanga kabisa wanafikiria Mlima Kenya, lakini ukienda juu kabisa Samburu, ukipita Maralal na Baragoi, kuna mlima unaitwa Nyiru, wenyeji wanauita Ng'iro, mita 2,752, na umezungukwa na nchi kavu kila upande. Magharibi yake ni bonde la Suguta, moja ya sehemu zenye joto kali zaidi Kenya nzima, kaskazini ni mawe meusi ya volkano mpaka Ziwa Turkana, na mashariki chini yake ndio kuna kamji kanaitwa South Horr ambako wengi wanaanzia. Chini ni miiba na vumbi, juu ni msitu wa mitarakwa na ukungu, yaani unaanza kwa jua la kuchoma na usiku unalala umevaa soksi mbili. Mimi nimeenda huko mara mbili, zote na beshte mmoja, mara ya kwanza hatukufika juu na ya pili tukafika, na haya ninayoandika yametoka kwa tofauti ya hizo safari mbili.

Njia yenyewe haina maajabu. Hakuna kamba, hakuna barafu, hakuna jiwe la kukwea kwa vidole. Mwenye miguu na mapafu ya kawaida anafika. Kinachorudisha watu ni hesabu ya maji na saa, na hizo ni hesabu za watu wawili, huwezi kuzifanya peke yako kichwani halafu utegemee mwenzako amezielewa.

Safari ya kwanza tulianza kutembea saa tatu asubuhi kwa sababu tulikunywa chai polepole, tulikuwa na lita sita za maji kwa wote wawili, na hatukuwa tumeongea lolote kuhusu saa ya kurudi. Kufika saa saba mchana tulikuwa tumebakisha lita moja na nusu, bado tuko kwenye mteremko wa mawe usio na mti wa maana, na beshte yangu alikuwa ameacha kuongea tangu saa tano. Mimi nilidhani amekaza tu, kumbe yeye kichwa kilikuwa kinamuuma muda wote huo na hakutaka kunivunjia safari. Na mimi kwa upande wangu nilikuwa nimechoka ila nikadhani yeye ndio anataka kuendelea. Watu wawili kila mmoja anamvumilia mwenzake, na wote wanapanda kuelekea shida. Kijana aliyekuwa anatuongoza ndiye alisimama akasema turudi, na alikuwa na haki.

Kwa hivo kitu cha kwanza, kabla ya buti na kabla ya begi, kaeni chini muongee. Sisi kabla ya safari ya pili tulikubaliana mambo matatu tukayasema kwa mdomo na si kwa kudhania. Moja, saa ya kugeuka: ikifika saa sita mchana na hatujafika mahali pa kulala tunaangalia maji, na kama maji yamepungua nusu tunashuka hata kama kilele kinaonekana. Mbili, yeyote akisema turudi tunarudi, hakuna kubembelezana wala kuulizana "una uhakika?", na hakuna kulaumiana baadaye kwenye gari. Tatu, kila saa moja tunasimama na kila mtu anajibu maswali mawili: umekojoa lini mara ya mwisho na kichwa kinauma? Ndio, ni maswali ya aibu kidogo kwa watu wazima lakini ndio yanasema ukweli. Mtu atakwambia yuko sawa huku mkojo wake una rangi ya chai ya rangi.

Mwendo nao ni wa yule wa polepole, na yeye ndio anatangulia nyuma ya kiongozi, mwenye nguvu anakaa mwisho. Ukimweka wa polepole nyuma atakuwa anakimbiza siku nzima, akifika mahali mmesimama nyinyi mmeshapumzika mnainuka, yeye hapumziki kabisa. Hii peke yake ilitubadilishia safari ya pili.

Sasa kufika. Kutoka Nairobi unapita Nyahururu, Rumuruti, unafika Maralal kwa lami, hiyo ni siku moja ukitoka mapema, na lala Maralal usijaribu kuunganisha. Baada ya hapo lami inaisha na unaingia njia ya Baragoi, kisha South Horr. Ukiwa na muda, juu kidogo ya Maralal kuna ukingo wa Losiolo ambako unaona bonde la Suguta lote chini yako, simama hapo uangalie, utaelewa unaenda nchi ya aina gani. Gari iwe ya kupanda juu, landikruza au kitu kama hicho, magurudumu ya akiba mawili kwa sababu yale mawe yanakata tairi kwa pembeni, na mafuta jaza tanki pamoja na jerikeni Maralal. Kuna njia nyingine ya kupitia Isiolo na Laisamis, hiyo barabara ya kutoka Laisamis ilitengenezwa upya kama kilomita 208 wakati wa kuleta vifaa vya mradi wa umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, ni ndefu lakini wengine wanaipenda.

Usalama siwezi kuupita haraka. Upande wa Baragoi na Suguta kumekuwa na uvamizi wa mifugo na watu wamekufa, hilo linajulikana, na hali inabadilika wiki kwa wiki. Kwa hivo usitegemee mtu aliyekwenda mwaka jana, pamoja na mimi. Piga simu Maralal siku chache kabla, ukifika Maralal uliza polisi, ukifika Baragoi uliza tena, ukiambiwa ngoja, ngoja, ukiambiwa rudi, rudi. Usiendeshe usiku hata kidogo. Na ukifika South Horr nenda kwa chifu na kituo cha polisi muandikishe majina, mnapanda upande gani na mnategemea kushuka siku gani. Hiyo karatasi ndio itafanya mtu aje kuwatafuta.

Halafu omba ruhusa. Nyiru ni mlima mtakatifu kwa Wasamburu, ni mahali pa Nkai, yaani Mungu wao, wazee wanapanda kuomba, na kiangazi kikizidi ndio mahali wanapopeleka ng'ombe kwa sababu juu kuna nyasi na chemchemi wakati chini kumekauka. Yaani unaenda mahali ambapo ni kanisa na ni benki ya mtu kwa wakati mmoja. Salimia wazee kwanza, sema "supa", ndio salamu ya Kisamburu, kaa, kunywa chai, ueleze mnataka nini. Usikate mti wala tawi bichi, usipige picha watu wala mahali pa kuombea bila kuuliza, na ukiambiwa kona fulani haiendwi usiulize mara mbili. Kubeba majani ya chai, sukari na tumbaku ya kuwapa wachungaji mtakaokutana nao huko juu ni heshima ya kawaida, na mara nyingi mtu huyo ndiye atakuonyesha chemchemi gani bado ina maji.

Kiongozi chukua mtu wa hapo South Horr, aliyelelewa kwenye huo mlima, wawili kama mna mizigo. Malipo yaongeleeni mpaka yaishe kabla ya kutoka: siku ngapi, chakula ni cha nani, akibeba mzigo inaongezwa ngapi, na mkirudi mapema inakuwaje. Beba pesa taslimu za noti ndogo ndogo, mtandao ukikataa M-Pesa haikusaidii. Utamuona amevaa akala, vile viatu vya tairi, na ana fimbo na kibuyu kidogo cha maji utadhani hahitaji kitu, usimuige hata siku moja, mwili wake umezoea na yeye anajua anywe wapi. Na hesabu ya maji ifanyeni pamoja naye ndani, maana mkiishiwa atawapa yake.

Maji sasa. Hapa ndio nataka usome polepole. South Horr iko kama mita elfu moja hivi kutoka usawa wa bahari, kilele ni 2,752, kwa hivo mnapanda zaidi ya mita 1,700, na sehemu ya chini yote ni jua. Mtu mmoja akipanda na mzigo kwenye joto hilo anaweza kupoteza lita moja kwa saa, mwenye jasho jingi hata zaidi. Sisi safari ya pili tulibeba lita tano kila mmoja kwa siku ya kwanza tu, na tukafika tumebakisha lita moja moja, yaani haikuzidi. Lita moja ni kilo moja, kwa hivo kilo tano mgongoni ni maji peke yake, na ndio sababu vitu vingine vyote vinapunguzwa. Ukiulizia mjini unaweza kupata punda wa kubeba mzigo sehemu ya chini, ni msaada mkubwa.

Gawanyeni maji kwenye chupa nyingi. Jerikeni moja ya lita kumi ikigonga jiwe ikapasuka mmemaliza, chupa moja ikipasuka mmepoteza lita moja na nusu. Kila mtu abebe yake, na iwepo chupa moja ya wote wawili ambayo haifunguliwi mpaka mseme pamoja "fungua". Sisi hiyo tuliifunga utepe mwekundu. Kunywa kidogo kidogo kila dakika kumi na tano au ishirini, usingoje kiu, na usinywe maji matupu siku nzima bila chumvi kwa sababu jasho linatoa chumvi pia, mtu anaweza kunywa lita nyingi na bado akaanza kichefuchefu na kizunguzungu. Beba pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na zikiisha ni ile ya nyumbani: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Pima vizuri, chumvi ikizidi inadhuru. Na kula njugu, tende, chapo na sadini, mwili unashika maji vizuri ukiwa na kitu tumboni.

Juu kuna chemchemi lakini kiangazi zingine zinakauka na zingine zinakanyagwa na ng'ombe, kwa hivo muulize kiongozi kabla ya kuweka hesabu juu yake. Maji ya huko chuja kwa kitambaa kisha chemsha, na kwa sababu uko juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu nzima, au tumia dawa ya maji usubiri nusu saa.

Vitu vya kubeba sitaorodhesha vyote, nitasema vile vilinisaidia. Buti iliyokwisha kuzoea mguu na soli ngumu, kwa sababu miiba ya huko inapita soli ya raba kama sindano. Shati la mikono mirefu na suruali ndefu, jua na miiba vyote vinakataa kaptura, na ile miiba iliyopinda kama ndoano ukishikwa usivute mbele, rudi hatua moja nyuma itoke yenyewe. Kofia ya ukingo mpana na leso ya shingo ya kulowesha. Koleo ndogo ya kung'oa miiba, kila mtu na yake. Tochi ya kichwa na betri za ziada. Jaketi na sweta, hapa ndio watu wanadanganyika, joto linashuka kama nyuzi sita na nusu kila ukipanda mita elfu moja, ongeza upepo na usiku, mtu aliyekuja na tisheti tu analala anatetemeka. Godoro la kujaza hewa liache nyumbani, mwiba mmoja limeisha, beba lile la povu. Bendeji ndefu mbili. Kama mnaweza kukodi kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kodini, mtandao wa simu usiuwekee matumaini kwenye mikunjo ya mlima. Na kuna bima ya AMREF Flying Doctors ya kubebwa na ndege ukiumia, ichukueni wote wawili kabla hamjatoka Nairobi, kwa sababu hospitali kubwa iliyo karibu ni Maralal na hiyo barabara umeshaiona.

Siku yenyewe amkeni saa tisa usiku, uji na chai, saa kumi na nusu miguu iko njiani na tochi. Jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, na mpaka saa nne hivi bado linavumilika, kwa hivo mna masaa matano na nusu ya kupanda kabla mlima haujawa jiko. Sehemu kubwa ya mteremko ule mgumu inabidi iwe nyuma yenu saa nne. Msikimbie lakini. Mwendo mzuri ni ule mnaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, ukiona mnajibizana kwa neno moja moja mmezidisha. Usiweke mkono mahali hujaangalia, juu ya jiwe au chini ya gogo, kuna moma na kuna nyoka wadogo wa mchangani wakali zaidi yake, na nge. Buti zikung'ute kila asubuhi. Nyoka akiuma, hakuna kukata, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba kukaza: toa pete na shanga mkononi kabla hapajavimba, funga kiungo kisitikisike, mtu abebwe au atembee polepole sana, na safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Saa nne mpaka saa tisa kaeni kwenye kivuli kama bado hamjaingia msituni. Najua mtaona mnapoteza muda. Sisi safari ya pili tulilala chini ya mgunga karibu masaa manne, beshte akasoma, mimi nikashona begi, na saa tisa unusu tukaendelea na miguu mipya mpaka tukaingia mitarakwa jua likiwa bado. (Ile saa sita ya kugeuka tuliiangalia hapo kivulini, maji yalikuwa zaidi ya nusu na tulikuwa tumeshamaliza mteremko mbaya, tukakubaliana wote kuendelea.)

Mwangalie mwenzako kuliko unavyoangalia njia. Akianza kuwa na jasho la baridi, kizunguzungu, misuli ya miguu inakaza, huyo joto limemchosha: kivuli, miguu juu kidogo, ORS, na siku hiyo hapandi tena. Lakini akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka, anakasirika bila sababu na ngozi inawaka, hiyo ni hatari ya kufa na hakuna tena hesabu ya kubania maji. Mlazeni kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili wote, shingoni, makwapani, kwenye mapaja, mumpepee kwa nguvu bila kuacha, msimnyweshe kama hajielewi vizuri, na mtume ujumbe wa msaada. Ile chupa ya utepe mwekundu ni ya saa hiyo.

Ukiingia msituni kila kitu kinabadilika. Miti ina ndevu za kijivu zinaning'inia, kuna nyasi fupi kama za uwanja, unasikia kengele za ng'ombe kabla hujawaona. Pigeni hema mahali kiongozi anasema, mbali na njia ya ng'ombe kwenda majini, na moto uwe mdogo wa kuni zilizoanguka zenyewe, uzimwe kwa maji na udongo mpaka mkono wako ukae juu yake. Usiku upepo unakuja. Ni ule upepo wa Turkana unaobanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ndio ule ule unazungusha mitambo 365 huko kaskazini kati ya Nyiru na mlima Kulal, kwa hivo funga kamba zote za hema hata kama jioni kumetulia.

Kilele nenda alfajiri. Acheni mizigo kambini, bebeni maji, jaketi na kitu cha kula. Tulipofika jua lilikuwa linatoka, ziwa lilionekana kama bati mbali huko, Suguta chini bado iko gizani, na beshte yangu akakaa chini hakusema chochote kwa muda mrefu. Nilimkumbuka Jumbe Kimemeta, yule mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa kwenye msafara wa Teleki, yule mvumbuzi kutoka Hungary, walianza Pangani 1887 na wapagazi wa pwani, watu waliozungumza hii lugha yetu, wakapita upande huu wa Nyiru, na Machi 1888 wakashuka mpaka ziwani kupitia yale mawe meusi wakiwa na kiu kali, na maji waliyoyakuta yana magadi. Ukiwa umekaa pale juu na lita mbili kwenye begi unaiona ile njia yote waliyotembea.

Msikae sana. Kushuka ndio kunaumiza watu, magoti yanatetemeka, mawe madogo yanateleza kama maharagwe, na akili imeshafika nyumbani. Kazeni kamba za buti kwa juu ili vidole visigonge mbele, fupisheni hatua, na ile saa moja moja ya maswali iendelee vile vile. Jazeni maji yote kabla ya kutoka msituni, sehemu ya chini mtaifikia jua likiwa limeamka, na kama mmechelewa pumzikeni tena kivulini mshuke saa tisa. Mkifika kwenye laga chini, yaani mto mkavu wa mchanga, vukeni moja kwa moja msilale wala kupumzika ndani yake hata kama mchanga ni laini na kuna kivuli. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu ya mlima na nyinyi mko kwenye jua, maji yanakuja kama ukuta. Ndio maana pia Aprili, Mei na Novemba sipendekezi, Januari au kuanzia Juni hadi Septemba ni afadhali.

South Horr mkifika, kabla ya soda, nendeni kwa chifu na polisi mkaseme mmeshuka wote, majina yenu yakatwe kwenye ile karatasi. Mlipeni kiongozi hapo hapo mbele ya watu wake. Kisha oga, toa miiba iliyobaki, paka dawa, lala usiku mzima, na gari la kurudi Maralal liwashwe kesho yake asubuhi kukiwa na mwanga.